Shajara ya mradi: mchezo wa redio kuhusu karani wa watoro

Februari 9

Tumesoma mswada wa kwanza mezani, na umekwama palepale tulipokuwa na wasiwasi: kila mhusika anajua mno. Mwandishi mwenzangu alimpa mkulima mmoja wa Delaware hotuba ndefu inayoeleza njia nzima kutoka Maryland hadi Kanada, nyumba kwa nyumba. Imebidi ikatwe yote. Mtandao ule wa siri, uliowasaidia watumwa wa Marekani katika karne ya 19 kutorokea kaskazini, uliitwa Reli ya Chini kwa Chini, na watu wake walizungumza habari za kondakta, stesheni na abiria, kwa hiyo ukisikia haraka unadhani palikuwa na kampuni, ramani na ratiba ukutani. Hapakuwa na chochote cha namna hiyo. Palikuwa na mtu anayejua mlango mmoja mbele yake na labda mmoja nyuma yake. Akikamatwa, hata abanwe vipi, hana mengi ya kutoa.

Kwa tamthilia hilo ni tabu, maana msikilizaji anahitaji mtu wa kumshika mkono tangu kipindi cha kwanza hadi cha sita. Mwongozaji ndiye aliyetoa ufumbuzi: tusisafiri. Tukae sehemu moja, watu watujie. Basi mchezo wote utakuwa kwenye ofisi ya chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, mezani kwa William Still.

Still anafaa kwa kila namna. Alizaliwa New Jersey mwaka 1821, kitinda mimba wa watoto 18. Baba yake alijinunua mwenyewe kutoka utumwani Maryland. Mama yake alitoroka. Mwaka 1847 chama kilimwajiri kama karani ambaye pia alitakiwa kusafisha ofisi. Mwaka 1852 kamati ya kuwapokea watoro ilipoundwa upya, yeye ndiye aliyewekwa kuwa mwenyekiti wa kikundi cha watu wanne waliofanya kazi zenyewe: kupokea, kulaza, kulisha, kukata tiketi, kupeleka mbele. Watu wapatao 800 walipita mikononi mwake. Na kila aliyekaa mbele yake aliulizwa maswali, majibu yakaandikwa.

Hapo ndipo mchezo wetu ulipo. Mtandao unaoishi kwa kutojua, na katikati yake mtu mmoja anayeandika kila kitu.

Februari 17

Mjadala wa wahusika umechukua jioni nzima. Mshauri wetu mmoja alitaka shujaa mkuu awe Mkweka, yaani mfuasi wa dhehebu lile la Kikristo lililopinga utumwa mapema, kwa hoja kwamba ndivyo hadithi inavyojulikana. Ndivyo inavyojulikana, ndiyo, kwa sababu wazee wengi waliohojiwa miaka ya mwisho ya karne ya 19 walikuwa Wazungu wenye kumbukumbu za baba zao waliowaficha watu ghalani. Walioulizwa ndio wakaingia vitabuni.

Lakini ukitazama kazi yenyewe, wengi ni watu Weusi walio huru, na baadhi ni watoro wenyewe waliobaki njiani kuwangoja wengine. Kule New York kamati ya kuwalinda watoro ilianzishwa mwaka 1835, na David Ruggles, mtu Mweusi, ndiye aliyekuwa roho yake. Ripley, Ohio, kwenye ukingo wa mto unaotenganisha jimbo huru na Kentucky ya watumwa, alikuwapo John P. Parker, aliyejinunua, akafungua karakana ya kuyeyusha chuma, na usiku akavuka mto kwa mashua kwenda kuwachukua watu upande wa pili. Mchana mfanyabiashara, usiku mvushaji.

Tumekubaliana hivi: Thomas Garrett wa Wilmington abaki, tena kwa heshima zote. Alikuwa mfanyabiashara wa vyuma, alisaidia watu wanaokadiriwa kufika 2,700, mwaka 1848 alitozwa faini nzito mahakamani na bado akaendelea. Alipofariki mwaka 1871 watu Weusi wa mji ule ndio waliobeba jeneza lake. Lakini atakuwa sauti ya barua tu, akimwandikia mtu ofisini. Mlango mmoja kabla ya mlango wetu.

Nimeongeza sharti langu pia: kila mtoro anapoingia ofisini, mswada uonyeshe kwamba sehemu ngumu zaidi ameshaipita peke yake. Wengi walitembea usiku kwa usiku kabla ya kukutana na mtu yeyote wa mtandao. Sipendi tamthilia ambamo mtumwa amekaa akingoja kuokolewa.

Machi 2

Kipindi cha pili kimekaa sawa. Ni kisa cha Peter, na tungekibuni sisi tungeambiwa tumezidisha chumvi.

Agosti 1850 mtu wa makamo aliingia ofisini Philadelphia. Alikuwa amejinunua huko Alabama na sasa anatafuta jamaa zake. Alichokuwa nacho ni majina: baba Levin, mama Sidney, kaka yake Levin aliyefia utumwani. Wao wawili waliachwa nyuma wakiwa wadogo, mama alipotoroka na mabinti zake. Still alikaa kumhoji kama anavyomhoji kila mtu. Kadiri majibu yalivyokuja ndivyo alivyotambua kwamba wazazi wanaotajwa ni wazazi wake yeye. Mama alikuwa amebadili jina, akaitwa Charity, na bado alikuwa hai. Aliyeketi mbele ya karani alikuwa kaka yake wa tumbo moja, ambaye hakuwahi kumwona.

Majaribio mawili ya kwanza waigizaji walipiga kelele. Mwongozaji akawasimamisha, akamwambia anayeigiza Still: "Kaka, wewe ni karani. Endelea kuuliza maswali." Ndivyo tulivyorekodi: karani anauliza, sauti inazidi kushuka, kalamu inaendelea kukwaruza karatasi. Kelele zimebaki kwa msikilizaji.

Still mwenyewe aliandika baadaye kwamba tukio lile ndilo lililomfanya aone thamani ya kumbukumbu. Jina la zamani, jina jipya, umri, bwana ni nani, umeacha nani nyuma, unaelekea wapi. Karatasi hizo zingeweza kuwatia wengi jela, naye alizificha, ikafika wakati zikawekwa ndani ya jengo la makaburi ya Lebanon mjini humo. Mwaka 1872, vita vimekwisha na utumwa umefutwa, akazitoa kama kitabu.

Machi 14

Siku zote hizi tumeishi na kipindi cha tatu. Naona hiki ndicho kitakachobeba mfululizo mzima, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu.

Ni Krismasi ya mwaka 1854. Harriet Tubman alitoroka Maryland mwaka 1849, kisha akafanya lile ambalo wachache sana walithubutu: akarudi. Akarudi tena. Safari zake katika miaka kumi hivi zinakadiriwa kuwa 13, na watu aliowatoa wapatao 70, wengi wao ndugu na majirani. Watu walimwita Musa, na kwa Kiswahili jina hilo halihitaji maelezo.

Safari hii alifuata kaka zake watatu, Ben, Robert na Henry, ambao walikuwa wauzwe mara tu baada ya sikukuu. Harriet hakujua kusoma wala kuandika. Alimwomba mtu amwandikie barua kwenda kwa Jacob Jackson, mtu Mweusi huru aliyejua kusoma, na chini ikatiwa jina la William Henry Jackson, kijana aliyelelewa na Jacob na aliyekwisha kuhamia kaskazini. Barua ilijaa mambo ya kawaida, kisha ikaomba wazee wasalimiwe, na ndugu waambiwe wakeshe katika sala, ili jahazi jema la Sayuni likipita wawe tayari kupanda.

Barua za watu Weusi zilifunguliwa kwanza. Wakaguzi wakaisoma, wakakuna vichwa: William Henry hana wazazi wala ndugu, sasa anasalimia nani? Wakamwita Jacob. Akaisoma mara moja, akaelewa mara moja, akawarudishia akisema haina kichwa wala miguu na bila shaka si yake. Kisha akaenda kuwaambia vijana wajiandae.

Onyesho hili limeandikwa mara nyingi kuliko jingine lolote, kwa sababu kila mwandishi alitaka Jacob aseme kitu cha kijanja. Toleo lililoshinda ni lile ambamo anaonekana mjinga kabisa. Tumempa mwigizaji mwenye sauti ya taratibu, anasoma huku akikwama kwenye maneno marahisi, na mkaguzi anapoteza subira.

Halafu ghala. Siku ya kuondoka mke wa Robert alishikwa na uchungu, na Robert akachelewa mpaka mtoto alipozaliwa. Harriet hakungoja; desturi yake ilikuwa kutomngoja mtu yeyote. Robert aliwakuta wenzake karibu na nyumba ya wazazi wao, Poplar Neck, wamejificha kwenye ghala la mabua na malisho, mvua inanyesha. Mama yao, Rit, alikuwa ameandaa chakula cha Krismasi akiwangoja wanawe. Hawakumwambia wapo hatua chache kutoka mlangoni, kwa maana walijua hatajizuia, na kilio chake kingesikika mbali. Walimchungulia kwenye nyufa za mbao, anatoka nje, anakinga macho kwa mkono, anatazama barabara, anarudi ndani. Harriet alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka.

Baba, Ben Ross, aliambiwa. Aliwaletea chakula na kukisogeza mlangoni bila kutazama ndani. Usiku walipoondoka alijifunga kitambaa machoni, akawasindikiza kipande cha njia huku wameshikana naye mikono. Wasakaji walipokuja kumuuliza, aliweza kuapa kwamba hajawaona wanawe, na hakusema uongo.

Mama anayeigiza Rit aliugeuza mswada, akatafuta maneno yake, akaniuliza: "Mwanangu, kwa hiyo mimi siongei na watoto wangu hata neno moja?" Nikamwambia, "Unaongea, mama, ila na barabara." Akafikiri kidogo, akasema basi atahitaji sufuria la kweli na mlango wa kweli. Amepewa vyote viwili.

Kitambaa cha baba ndicho kilichotutesa, kwa maana redio haina macho. Tumejaribu msimulizi aeleze, ikawa baridi. Sasa anayeigiza Ben anatembea studio akiwa amefungwa macho kwelikweli, anajikwaa, anauliza "huyu ni nani mkono wa kushoto?" na mwanawe anajibu. Swali hilo ni letu, halimo kwenye historia. Nitalitetea.

Machi 20

Mambo ya fundi sauti. Mvua tuliyokuwa nayo ni ya bati, na ghala la Maryland halikuwa la bati. Sauti yake inampeleka msikilizaji Manzese moja kwa moja. Fundi amerekodi maji yakidondoka juu ya mbao zilizolazwa mshazari. Mabua na maganda ya mahindi hayakuwa na shida, tumeletewa gunia zima kutoka shamba. Theluji hatuna, na sitaki theluji ya unga wa sembe chini ya viatu. Waseme tu kwamba kuna baridi.

Viatu, kwa upande mwingine, vina barua yake. Desemba 29, 1854, Garrett aliandika Philadelphia kwamba amempokea Harriet pamoja na wenzake, na kwamba Harriet na mwanamume mmoja viatu vyao vilikuwa vimekwisha kabisa miguuni; akawapa dola mbili za kusaidia kununua vingine na kukodi gari la farasi kwa gharama yake. Kipindi cha tatu kinaishia na barua hiyo, kisha Still anaandika majina. Ndugu walichukua jina jipya la ukoo: Stewart.

Aprili 5

Tumeulizwa tena habari za mablanketi yenye alama, yale yanayosemwa kwamba yalitandazwa kwenye ua yakiwa na mishono ya siri ya kuonyesha njia. Picha nzuri sana, lakini ilienea tu kuelekea mwaka 2000, na wanahistoria hawakupata ushahidi wa wakati ule. Hayaingii. Kama tunataka ujanja wa kweli upo tele: Harriet alipenda kuondoka na watu Jumamosi usiku, kwa kuwa matangazo ya watoro yasingeweza kuchapishwa kabla ya Jumatatu, na alipendelea msimu wa baridi kwa sababu usiku ni mrefu na watu wamejifungia ndani. Hakuna mshono hata mmoja hapo, ni akili tu.

Aprili 19

Sanduku la Henry Brown. Kila mtu aliyesikia kuhusu mradi huu ametaka sanduku, na kweli ni kisa cha redio: Machi 1849, Richmond, Virginia, mtu anajifungia kwenye kasha la futi 3 kwa futi 2 na kina cha futi 2 na inchi 8, anatumwa kama mzigo hadi Philadelphia, safari ya saa 27 hivi, mara nyingine kichwa chini miguu juu ingawa kasha liliandikwa upande wa juu ni upi. Mwaka uliotangulia mke wake na watoto walikuwa wameuzwa North Carolina. Still alikuwapo kasha lilipofunguliwa.

Tumelirekodi, lakini tumelifunga na yaliyofuata, maana ndiyo yanayonivutia. Habari ilitangazwa kila mahali. Samuel Smith, Mzungu muuza viatu aliyempakia Brown, alijaribu kuwatuma wengine kwa njia hiyohiyo, akakamatwa, akafungwa. Frederick Douglass, mtoro aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa kupinga utumwa, aliandika baadaye kwamba kama wasingelitangaza jambo lile, pengine kila mwaka wangepita watu elfu ndani ya masanduku. Douglass alijua anachosema. Yeye mwenyewe alitoka Baltimore mwaka 1838 kwa treni, amevaa kibaharia, mfukoni ana karatasi za kuazima za baharia huru, nauli ikiwa imechangwa kwa msaada wa mchumba wake Anna Murray. New York alipokewa na Ruggles. Na namna alivyotoroka hakuieleza hadharani mpaka mwaka 1881, miaka mingi baada ya utumwa kufutwa. Kujisifu kwa mtu mmoja kuliweza kufunga mlango wa mia.

Ndani ya mchezo tumewapambanisha: Still anaandika, Douglass ananyamaza. Nani ana haki? Mwongozaji anataka tuamue. Mimi sitaki. Still aliandika na kuficha, Douglass alinyamaza na kungoja. Wote wawili walikuwa wanamlinda mtu yuleyule anayefuata nyuma.

Aprili 28

Tumetoka studio. Kipindi cha nne kina meli, na fundi alitaka shoka halisi kwenye ubao halisi, kwa hiyo tulikwenda wanakotengeneza majahazi. Mafundi walitusaidia sana, ingawa mmoja alishangaa kwa nini tunakata ubao mzima.

Novemba 1855, bandari ya Norfolk, Virginia. Kapteni Fountain anapakia ngano, na chini ya chombo amewaficha watu 21. Meya anafika na askari wenye shoka na mikuki mirefu. Wanachoma ngano kwa mikuki, wanapiga sakafu kwa shoka. Fountain anachukua shoka mwenyewe, anapiga ubao wa chombo chake kwa nguvu, anauliza ni wapi pengine wangependa apasue. Wakachoka, wakaondoka. Wote 21 walifika Philadelphia.

Watu wa pwani wataelewa onyesho hili bila msimulizi. Mwaka uliofuata Virginia ilitunga sheria ya kukagua vyombo vinavyoelekea kaskazini.

Mei 11

Kipindi cha tano ni sheria na pesa, na nilidhani kitakuwa kikavu. Kumbe la. Sheria ya mwaka 1850 iliruhusu mtoro kukamatwa hata katika jimbo huru, akapelekwa mbele ya kamishna, bila baraza la wazee wa mahakama, bila yeye mwenyewe kuruhusiwa kutoa ushahidi. Kamishna akiamua arudishwe utumwani alilipwa dola 10. Akimwachia, dola 5. Anayemsaidia mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Tumeandika onyesho moja tu la mahesabu: upande mmoja kamishna anahesabu zake, upande wa pili Still anaandika matumizi ya kamati, nauli, malazi, viatu. Hakuna muziki.

Tangu wakati huo Philadelphia haikuwa mwisho wa safari tena. Ilibidi watu wavuke hadi Kanada, kwenye miji kama St. Catharines, na huko ndiko Harriet alikowapeleka wake.

Dada anayeigiza mmoja wa watoro ni wa Rabai, karibu na Mombasa, na wakati wa chai alituuliza kama tunajua kwamba kwao nako watoro walijazana kwenye misheni, mpaka Januari 1, 1889 zaidi ya elfu moja wakapewa karatasi za uhuru baada ya wamiliki kulipwa fidia. Ilizua maongezi hadi chai ikapoa. Sitaichomeka kwenye mfululizo huu kama kiungo cha pembeni. Ina watu wake, makabila yake na ubishi wake, na inastahili karani wake. Nimemwomba aanze kukusanya.

Mei 23

Kimebaki kipindi cha sita, na hakijakubali. Tunarudi kwa Peter, ambaye baada ya kupata ndugu zake bado alikuwa na mke, Vina, na watoto watatu Alabama. Mzungu mmoja, Seth Concklin, alijitolea kwenda kuwatoa. Mwaka 1851 aliwafikisha hadi Indiana, jimbo huru, na huko wakakamatwa. Vina na watoto wakarudishwa. Concklin alikutwa amekufa mtoni, amefungwa minyororo. Mwishowe Peter alizunguka miji ya kaskazini akisimulia kisa chake na kuchangisha, hadi akapata dola 5,000, bei iliyotajwa na mmiliki, akawanunua mwishoni mwa mwaka 1854.

Mwandishi mwenzangu anaona kumalizia kwa kununua kunatia doa hadithi ya kutoroka. Mimi naona ndiyo sababu ya kuweka: mtandao ulishindwa mara nyingi, na familia hazikuchagua njia iliyo safi, zilichagua iliyofika. Mswada wa sasa una Concklin sauti tatu tu, na Vina ana maneno mengi kuliko alivyokuwa nayo mwanzo. Mwongozaji ameusoma, amesema safari ya mtoni ni ndefu mno na ofisi imesahaulika. Ana haki. Nitaifupisha, halafu tutafute mtu wa kuigiza Vina. Awe na umri wa kutosha, na asiwe na haraka ya kulia.